Dawati la ngozi ya uso: shajara ya mradi, Januari hadi Julai

Januari: kapu kwanza, uso baadaye

Mradi wenyewe ni mdogo: dawati moja ndani ya duka la dawa jijini Dar es Salaam, mfamasia, tabibu anayekuja kwa zamu, meza iliyosogezwa dirishani, na kadi ya kurasa mbili ambayo hata muuzaji wa duka la dawa muhimu ataweza kuifuata bila kumpigia mtu simu. Tunashughulika na yale ya kila siku: chunusi, madoa yanayobaki baada ya chunusi, mabaka ya mashavuni, fangasi wa uso, vipele vya ndevu, na uso ulioharibiwa na mkorogo. Kidonda kisichopona, doa linalokua au kubadilika rangi, baka lisilo na hisia (ukoma bado upo), na midomo au macho yaliyovimba ghafla haviishii dawatini. Hivyo vinakwenda hospitali siku hiyohiyo.

Kazi ya mwezi huu imekuwa kupanga maswali. Ukimuuliza mteja ana tatizo gani, jibu karibu kila mara ni chunusi, na jibu hilo halitoshi kuchagulia dawa. Vipele vya steroidi (dawa za kuzima uvimbe), vya fangasi, vya mafuta ya nywele na chunusi zenyewe vyote huletwa kwa jina hilo moja. Kwa hiyo kadi inaanza na ombi badala ya swali: lete kila kinachogusa uso wako. Sabuni, losheni, seramu, poda, mafuta ya nywele, na kile kikopo cha saluni kisicho na lebo.

Kapu likishamwagwa mezani tunatafuta vitu vitatu. Cha kwanza ni steroidi kali: klobetasoli 0.05% au betamethasoni, ikiwa peke yake au ndani ya zile krimu za "tatu kwa moja" zenye steroidi, antibiotiki na dawa ya fangasi. Cha pili ni haidrokwinoni, dawa ya kung'arisha ngozi. Cha tatu ni zebaki, na hii ndiyo yenye ujanja. Kwenye lebo inaweza kuandikwa "calomel", "ammoniated mercury" au "Hg", au isiandikwe kabisa, ila kukawa na onyo dogo kwamba krimu isigusane na dhahabu, fedha au alumini. Onyo la namna hiyo kwenye kipodozi tunalihesabu kuwa ni zebaki mpaka maabara iseme vinginevyo, kwa sababu zebaki huharibu metali hizo. Krimu ya kulainisha ngozi haina ugomvi na pete ya mtu.

Zebaki haihitaji mjadala mrefu. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walikwishaandika kuhusu wagonjwa waliovimba mwili na kupoteza protini kwenye mkojo, huku wengi wao wakiwa wametumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, ulitaka vipodozi vyenye zaidi ya sehemu moja ya zebaki kwa milioni viondoke sokoni ifikapo 2020, na mwaka 2023 nchi wanachama zikakubaliana kuondoa hata kiwango hicho. Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko TBS (Shirika la Viwango Tanzania). Vikopo vinaendelea kufika mezani hata hivyo.

Kikopo kinachoshukiwa hakichomwi moto wala hakimwagwi chooni. Kinafungwa ndani ya mifuko miwili ya plastiki, kinaandikwa tarehe na mahali kiliponunuliwa, kinawekwa kando kusubiri kukabidhiwa. Mwenye kikopo anaelekezwa hospitali kupima zebaki na protini kwenye mkojo, na tunauliza nani anachangia naye taulo, shuka na mto. Zebaki huhamia kwa watoto kwa njia hiyo bila wao kupaka chochote.

Februari: picha

Bila picha hakuna maendeleo ya kupima, kwa sababu mwenye uso hujitazama kila siku na hawezi kuona mabadiliko ya wiki nane. Utaratibu uliopitishwa: mwanga wa dirisha asubuhi, mteja ameelekea dirishani, flashi imezimwa, simu iko urefu wa mkono mmoja, picha tatu (mbele, kushoto, kulia), uso umeoshwa na umekauka. Kubwa kuliko yote, kipengele cha kulainisha sura kwenye kamera kizimwe. Simu nyingi hukiwasha zenyewe kwenye kamera ya mbele, na hapo picha ya kwanza inaonyesha ngozi nzuri kuliko ya mwisho. Tumia kamera ya nyuma, mtu mwingine apige. Picha zinabaki kwenye simu ya mteja mwenyewe.

Machi: kuacha mkorogo

Hii ndiyo sehemu iliyokula karatasi nyingi zaidi, na ndiyo iliyobeba mradi. Uso wa steroidi ukipewa dawa ya chunusi unaungua, ukipewa ya kung'arisha unaungua zaidi. Mpangilio hauna njia ya mkato: kuacha, kutulia, kutibu kilichobaki, na madoa mwisho kabisa.

Watu hushindwa kuacha kwa sababu inayoeleweka. Steroidi hubana mishipa midogo ya damu na kuzima uvimbe. Ikiondolewa, mishipa hufunguka kwa nguvu, na kati ya siku chache na wiki mbili uso unawaka, unawasha, unavimba na kutoa vipele. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri. Kinachoonekana ni rangi ya zambarau au weusi uliokolea, pamoja na joto linalosikika kwa kiganja. Mteja anahitimisha kwamba krimu ilikuwa inamfaa na kuiacha ndiko kumemdhuru. Anarudi kwenye kikopo, uso unatulia usiku mmoja, na safari inaanza upya. Asipoelezwa haya kabla ya kuacha, hata maelekezo mazuri hayatamsaidia.

Swali la kwanza ni eneo. Aliyepaka mwili mzima klobetasoli kwa miezi hasimamishwi ghafla dawatini. Dawa imeingia kwenye damu, na tezi zake za juu ya figo zinaweza kuwa zimelala. Uchovu usio na sababu, kizunguzungu anaposimama, kutapika, uso uliovimba kama mwezi, michirizi mipana ya mapajani na kwapani: aende kwa daktari akapimwe kotisoli (homoni ya tezi hizo) ya asubuhi, naye daktari ndiye apange namna ya kushuka. Anayeona ukungu au duara la rangi kuzunguka taa baada ya kupaka karibu na macho apimwe presha ya macho.

Aliyepaka uso tu anaacha kabisa, au anashuka kwa haidrokotisoni 1%: mara moja kwa siku kwa muda usiozidi wiki mbili, kisha siku moja ndiyo siku moja hapana kwa wiki moja, kisha basi. Kipimo ni ncha ya kidole, yaani krimu iliyokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada cha mtu mzima hadi mkunjo wa kwanza. Hiyo ni nusu gramu hivi, inatosha eneo la viganja viwili. Uso na shingo vinachukua ncha mbili na nusu. Dawati linatoa tyubu moja ya gramu 15 na halitoi ya pili bila tabibu kuutazama uso, maana haidrokotisoni isiyo na mwisho nayo ni mkorogo uliopungua makali.

Vitu vingine vyote vinasimama. Tunauita mfungo wa uso: maji ya baridi, sabuni laini isiyo na manukato mara moja jioni, na mafuta mgando kidogo sana wakati ngozi bado ina unyevu. Limau hapana, kwa kuwa maji yake yakipigwa na jua huunguza ngozi na kuacha alama nyeusi. Magadi hapana: ngozi ya uso ni ya tindikali kidogo, pH 5 hivi, na magadi ya kuokea yanazidi 8. Dawa ya meno hapana. Uso unapowaka, kitambaa safi kilicholoweshwa maji ya baridi kwa dakika kumi kinatuliza kuliko krimu yoyote iliyoko rafuni.

Vipele vidogo vinavyozunguka mdomo na kuacha ukanda mwembamba safi kando ya midomo mara nyingi ni dalili ya steroidi. Vikizidi, tabibu huandika doksisaiklini, antibiotiki ya kumeza, miligramu 100 kwa siku kwa wiki nne hadi nane. Si ya mjamzito wala mtoto chini ya miaka minane. Inamezwa na glasi nzima ya maji, mtu akae wima nusu saa, na isiambatane na maziwa au vidonge vya madini ya chuma. Mteja anayemeza kidonge kikavu na kujilaza hurudi akilalamika kifua kinauma anapomeza chakula, na kosa ni la aliyempa dawa bila maelekezo.

Kwa waliotumia haidrokwinoni kuna jambo jingine la kusema mapema: rangi itarudi, na itarudi kwa mabaka kabla ya kusawazika. Mashavu yanaweza kuwa meusi kuliko yalivyokuwa kabla ya kujichubua. Hiyo inapungua kwa miezi. Isiyopungua ni okronosisi: vidoto vya bluu-nyeusi vilivyosongamana juu ya mifupa ya mashavu, ukikaribia unaviona kama punje ndogo za samadi ya mbuzi. Hiyo ni rangi iliyotua ndani ya ngozi. Watu huiona kama doa sugu na kuongeza haidrokwinoni, ambayo ndiyo iliyoileta.

Maelekezo kwa wauzaji: hakuna kumsema mteja. Akisemwa, hatakitaja kikopo cha pili kilichobaki nyumbani.

Aprili: chunusi zenyewe

Chunusi halisi zina vichwa vyeusi au vyeupe. Kama hakuna hata kimoja na vipele vyote vina ukubwa sawa, rudi kwenye kapu. Vipele vidogo vinavyofanana, vinavyowasha, vilivyojaa kwenye paji la uso na mgongoni, na vilivyoongezeka baada ya antibiotiki, huenda ni fangasi wa vinyweleo, na havitibiki kwa dawa za chunusi. Vilivyopangana kando ya nywele vinatokana na mafuta ya nywele: badilisha mafuta, funga kitambaa safi usiku, acha kupaka mafuta ya nazi usoni.

Uliza pia dawa nyingine. Isoniazidi ya kifua kikuu na fenitoini ya kifafa huweza kuleta vipele vya namna hii, na hakuna anayeruhusiwa kuziacha kwa sababu ya uso. Vijiti vya uzazi wa mpango navyo huweza kuongeza chunusi kwa baadhi ya wanawake. Mwenye kijiti azungumze na aliyemwekea kabla ya kukitoa. Hedhi isiyo na mpangilio pamoja na ndevu kidevuni ni rufaa.

Mpango wa kawaida una dawa mbili za kupaka. Asubuhi benzoili peroksidi 2.5%. Ile ya 5% inafaa, lakini nguvu ya ziada haileti faida kubwa, inaleta muwasho, na kwenye ngozi nyeusi kila muwasho unalipwa kwa doa. Usiku adapalini 0.1%, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, si kwa kila kipele. Wiki mbili za mwanzo kila usiku wa tatu, kisha usiku mmoja kuruka mmoja, kisha kila usiku ngozi ikikubali. Uso uoshwe, ukauke kabisa, na mwenye ngozi kavu atangulize losheni. Pembe za pua, za mdomo na za macho zirukwe. Hizo ndizo zinazochunika kwanza.

Benzoili peroksidi inachuja rangi ya nguo. Kanga, foronya na ukingo wa hijabu vinabaki na madoa meupe yasiyotoka. Mteja asipoambiwa, anaacha dawa akidhani itamfanyia hivyo usoni.

Mjamzito hapewi adapalini. Yeye apewe asidi ya azelaiki 15% au 20%, ambayo pia inapunguza madoa. Inachoma kidogo wiki za kwanza kisha inazoeleka. Doksisaiklini kwa chunusi kali isizidi miezi mitatu, na haitolewi peke yake bila benzoili peroksidi, kwani bakteria huzoea.

Matokeo yanahesabiwa kuanzia wiki ya nane hadi ya kumi na mbili. Wanaobadilisha dawa kila wiki mbili hukusanya miwasho na hawapati faida ya hata moja. Vinundu vikubwa vinavyouma na kuacha makovu havisubiri muda huo. Kovu likishatokea, krimu hailiondoi.

Mei: fangasi waliojificha

Krimu ya tatu kwa moja ndiyo inayowaficha. Kibarango cha kawaida ni duara lenye ukingo ulioinuka na magamba. Steroidi inafuta ukingo, mwasho unapungua, fangasi wanaendelea kutambaa, na baada ya wiki kadhaa uso una mabaka yasiyo na umbo. Kinachotoa uhakika ni kipimo cha dakika chache, na tumeomba maabara jirani ikifanye.

Kwaruza magamba ya ukingoni kwa upande butu wa kisu cha maabara, na si katikati ambako fangasi ni wachache. Mteja awe hajapaka chochote tangu jana. Mafuta yanaonekana kama viputo na kupoteza muda. Weka magamba kwenye kioo, dondosha tone moja la potasiamu haidroksaidi 10%, funika, subiri dakika 10 hadi 15 seli ziyeyuke. Tazama kwanza kwa lenzi ya mara 10 huku umepunguza mwanga, halafu mara 40. Fangasi ni nyuzi ndefu zenye matawi na vizingiti, zinazokatiza juu ya mipaka ya seli. Mistari inayofuata mipaka ya seli tu ni seli zenyewe, na hapo ndipo wapya wanapotoa majibu ya uongo. Mwanga mkali ukifunguliwa wote, nyuzi zinapotea kabisa.

Tiba: klotrimazoli 1% mara mbili kwa siku wiki mbili hadi nne, au terbinafini 1% mara moja kwa siku wiki moja hadi mbili, ikipita ukingo kwa sentimita mbili. Aliyekuwa na steroidi aambiwe kwamba duara litaonekana wazi zaidi siku za mwanzo. Magamba ya manjano kwenye nyusi na pembe za pua ni jambo tofauti, linafuata mba wa kichwani. Hilo linapewa ketokonazoli 2%, na kichwa kitibiwe pamoja.

Juni: jua

Madoa yakitibiwa bila kukinga jua, mteja anapoteza fedha. Kinachotakiwa ni krimu ya kukinga jua yenye SPF (kipimo cha nguvu ya kinga) 30 au zaidi, urefu wa vidole viwili (cha shahada na cha kati) kwa uso na shingo, dakika 15 kabla ya kutoka, na irudiwe kila saa mbili kwa anayeshinda nje. Njia rahisi ya kumkagua mtu: tyubu ya mililita 50 ikidumu miezi mitatu, anapaka nusu ya kinachotakiwa au pungufu.

Kwenye ngozi nyeusi mwanga unaoonekana nao huchochea madoa, na krimu nyingi zisizo na rangi haziuzuii. Yenye rangi ya kahawia itokanayo na oksidi za chuma inauzuia, na haiachi uso wa kijivu kama zile zenye zinki nyeupe. Kwa mabaka ya mashavuni, hiyo ndiyo tunayoipendekeza, pamoja na kofia pana. Mtandio mwepesi unaopitisha mwanga si kinga.

Krimu ya jua ya KiliSun inayotengenezwa Moshi, kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi cha hospitali ya KCMC, ilikusudiwa watu wenye ualbino. Kadi imeandikwa wazi kwamba mwenye madoa anunue nyingine dukani na asigombee ile.

Julai: ndevu, singo, na yaliyobaki

Vipele vya ndevu vinatokana na unywele uliojikunja kurudi ndani ya ngozi baada ya kukatwa karibu mno. Wembe uwekwe kando wiki nne. Baada ya hapo mashine isiyogusa ngozi, ikiacha milimita moja hivi, bila kuvuta ngozi, kwa mwelekeo wa unywele. Adapalini usiku husaidia. Kuchokonoa kwa sindano kunaongeza makovu. Vinundu vigumu vya kisogoni vipelekwe kwa daktari mapema kabla havijawa kovu nene. Kinyozi apanguse nywele kwenye meno ya mashine kwanza, ndipo atie spiriti. Spiriti juu ya uchafu haifanyi kazi.

Kadi ya saluni imechelewa kwa sababu ya mabishano kuhusu singo (mchanganyiko wa kusugulia mwili) na liwa (mti wa kunukia unaosagwa). Tumekubaliana hivi: liwa iliyosagwa kwa maji au marashi ya waridi haina tatizo kwa ngozi nzima, mradi ijaribiwe kwanza ndani ya kiwiko mara mbili kwa siku kwa wiki moja. Singo yenye karafuu haisuguliwi usoni, na bibi harusi mwenye chunusi zilizovimba hasuguliwi kabisa. Anayetaka ngozi safi siku ya harusi aje miezi mitatu kabla. Wiki moja kabla tunachoweza kufanya ni kumzuia asiongeze kitu kipya.

Yanayosubiri: orodha ya krimu za jua zenye rangi zinazopatikana Kariakoo, ikiwa na tarehe za kuisha muda, makubaliano ya maandishi na maabara jirani kuhusu kipimo cha fangasi, na kukabidhi mfuko wa vikopo vya zebaki, ambao bado umefungwa kwenye kabati la chini, mbali na friji ya chanjo.